Kagonga Milango Sita, Hakuna Aliyemuuliza Atalala Wapi



Wapenzi wasomaji wetu, tulikuahidini kuwa safari hii tungezungumza habari za lesi na satini kwa maharusi wa mfunguo mosi. Lesi zitasubiri. Tuna jambo limetukaa kooni muda mrefu, na leo tutalisema hata kama wapo watakaonuna.

Sisi ni mafundi cherehani. Dukani kwetu tuko watatu, na kazi yetu inatufikisha pahala ambapo sheha hafiki, askari hafiki, na wakati mwengine hata mama mzazi hafiki: nyuma ya pazia, mwanamke kavua baibui, mmoja wetu kashika futi, mwengine anaandika. Tunapima kifua, kiuno, bega, mkono na shingo. Mdomo unaweza kuona muhali, lakini mwili hauna muhali.

Mwenzetu tunayemzungumzia tulimshonea nguo ya harusi. Jina hatulitaji, mtaa hatuutaji, na baadhi ya mambo tumeyabadilisha makusudi ili asijulikane. Mwenyewe katuruhusu. Nguo yake ilikuwa nyeupe, mkono wa robo tatu, shingo ya duara. Baada ya miezi minane akarudi na magauni mawili anataka yabanwe kwa sababu kakonda, na akataka jipya la tatu: mkono mrefu mpaka kiganjani, na kola ya kupanda. Mwezi wa pili huo, na joto la mwezi wa pili mnalijua. Tukamuuliza kola ya nini kwa joto hili? Akasema ndio mtindo. Tulipompima shingo tukaziona alama za vidole.

Hatukumuuliza kitu. Tuseme ya kwetu kabla hatujasema ya wengine: tuliona muhali. Tukaandika vipimo kwenye daftari, tukamwambia nguo itakuwa tayari Jumanne. Jumanne hakuja. Alikuja wiki mbili baadae, sikio la kushoto linatoa maji, na ukimsemesha upande ule hasikii. Ndipo tukafunga mlango wa duka, tukakaa naye chini.

Sasa sikilizeni alivyotusimulia, maana sisi tulidhani kuwa tatizo la wanawake wengi ni kunyamaza. Huyu hakunyamaza. Huyu kasema mpaka sauti imemkauka.

Mlango wa kwanza ulikuwa kwao. Mama akalia naye, kisha akamwambia avumilie, mwaka wa kwanza wa ndoa ndio ulivyo. Wa pili kwa sheha. Sheha akawaita wote wawili, akawanasihi, mume akaandikishwa karatasi kwamba hatarudia tena, wakapeana mikono. Usiku ule ule akapigwa kwa kosa la kumtia mwenzake aibu kwa sheha. Wa tatu hospitali, sio kubwa, ile ya karibu. Wakamsafisha sikio, wakamwambia kwa jeraha la kupigwa alete fomu ya polisi, PF3, ndio waandike. Wa nne polisi. Anayeshughulika na dawati la jinsia na watoto hakuwepo siku hiyo, na aliyekuwepo akamwambia, "Huyu si mumeo wa ndoa? Haya ni ya nyumbani, nenda kwa kadhi." Wa tano ofisi ya kadhi. Karani akamtaka barua ya sheha. Akarudi kwa sheha, akangoja siku mbili, akapata barua, akarudi. Shauri likafunguliwa. Na barua ya kumwita mume akapewa nani aipeleke? Akapewa yeye.

Mmesikia? Mwanamke aliyepigwa mpaka sikio limetoboka anakabidhiwa barua ya wito akampe kwa mkono wake yule yule aliyempiga.

Mlango wa sita ulikuwa ustawi wa jamii. Huko, tuseme haki, alipata dada aliyemsikiliza kwa upole na kuandika kila kitu tokea mwanzo. Lakini dada yule hakujua kuwa kuna karatasi kwa sheha, hakujua kuwa kuna shauri kwa kadhi, na hakuwa na namba ya kumpigia mtu yeyote polisi. Akamwambia arudi wiki ijayo.

Milango sita, kasimulia mara sita. Kila pahala kavua ushungi aonyeshe sikio. Kila pahala wameandika kwenye daftari lao. Na katika wote sita hakuna aliyemuuliza: leo usiku utalala wapi?

Kuna jengine lililotuchoma. Hapa hapa kwetu, Hospitali ya Mnazi Mmoja, tokea 2011 kuna kituo kinaitwa Mkono kwa Mkono. Kimewekwa kwa ajili hiyo hiyo: daktari, askari na mshauri wawe pahala pamoja, mtu asizungushwe. Katika milango sita hakuna hata mmoja uliomtajia kuwa kituo hicho kipo. Sisi tulikuja kukijua kwa mteja mwengine, muuguzi, aliyekuja kushonesha sare. Wazo zuri lipo kisiwani kwa miaka yote hiyo, lakini aliyeko pembeni anaelekezwa kila njia isipokuwa ile.

Tunajua tutaambiwa serikali imefanya mengi. Ni kweli, na hatukatai. Tulifurahi 2021 zilipoanzishwa mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji. Ulikuwepo mpango kazi wa miaka mitano wa kuondoa ukatili dhidi ya wanawake na watoto, 2017 hadi 2022. Shehia nyingi zina kamati. Ipo namba 116 ya kupiga bure kwa mambo ya watoto. Lakini mke wa mtu anayepigwa na mume wa halali bado kakaa katikati. Kesi tunazozisikia redioni ni za watoto waliobakwa na kulawitiwa, na haki yao kabisa. Mke anaambiwa lake ni la nyumbani.

Na sheria zenyewe zimeligawa jambo lake vipande viwili. Sisi si wanasheria, tumemaliza sekondari tukasoma ushoni, lakini hili halihitaji shahada. Mahakama ya Kadhi ina sheria yake ya 2017, na kazi yake ni ndoa, talaka, matunzo, malezi ya watoto. Kumjeruhi mtu ni jinai, iko kwenye Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018, na hiyo ni ya polisi na mahakama za kawaida. Kadhi hawezi kumfunga mtu kwa sikio la mkewe. Hakimu hawezi kumpa talaka. Mgawanyo huo peke yake hauna ubaya, kila mtu na kazi yake. Ubaya ni kuwa faili la huku halijui kama kuna faili la kule. Kwa kadhi anaonekana mke anayetaka kuachwa bila sababu ya kutosha. Polisi anaonekana mke mwenye ugomvi na mumewe. Hospitali anaonekana mgonjwa wa sikio. Kwa sheha anaonekana mtu aliyekwishasuluhishwa. Ni mtu mmoja huyo.

Hebu chukueni karatasi zote zile mziweke juu ya meza moja. Ahadi aliyoiandika kwa sheha na kuivunja siku ile ile. Sikio lililotoboka. Alama za vidole shingoni, ambazo hakuna ofisi hata moja iliyoziandika kwa sababu kila mtu alitazama sikio. Mtu yeyote mwenye akili timamu akiziona pamoja atajua kuwa huyu hatakiwi kurudi nyumba ile. Zikiwa mbali mbali, kila mmoja anaona kijambo kidogo.

Na shingo si kijambo kidogo, dada zetu. Watafiti wa Marekani waliochunguza wanawake waliouliwa na waume au wapenzi wao walikuta, katika utafiti uliotolewa 2008, kuwa aliyewahi kukabwa shingo na mwenza wake uwezekano wa kuja kuuliwa naye unapanda zaidi ya mara saba. Tulipoambiwa hivyo tulikaa kimya dukani. Sisi shingo tulikuwa tumeipima kwa mikono yetu.

Mwenzetu mmoja anayeishi Uingereza, aliyekuja likizo na kushonesha madera, ndiye aliyetueleza kuwa huko kwao jambo hili waliliona zamani. Mji wa Cardiff, 2003, walianza utaratibu wa kukaa meza moja: polisi, watu wa hospitali, wa ustawi, wa nyumba, wa mahakama. Hawazungumzi ugomvi wa kila mtu. Wanazungumza wale wanawake walio kwenye hatari kubwa zaidi, mmoja mmoja, na kila aliyekaa pale anasema anachokijua, kisha anaondoka na kazi ya kufanya. Mwanamke mwenyewe haburutwi kwenye kikao, ana mtu wake anayemsemea. Utaratibu ule ulienea nchi nzima. Hatusemi Uingereza wamemaliza tatizo, wanawake wanauliwa kule pia. Tunasema wao wameacha kumfanya mpigwa kuwa tarishi.

Zanzibar tuna wilaya 11. Tunachotaka sisi ni meza kumi na moja. Kila wilaya, mara moja kwa wiki, wakae mtu wa dawati la jinsia, mtu wa ustawi, mtu wa hospitali, karani wa kadhi, na sheha ambaye shehia yake inahusika siku hiyo. Mishahara wanalipwa tayari. Jengo la wilaya lipo na viti vipo. Hakuna haja ya wafadhili, wala semina yenye fulana na mabango, na fulana zenyewe, wallahi, tumezishona sana. Wawe na karatasi moja yenye maswali yale yale kwa kila mwanamke, popote atakapoanzia: amewahi kukukaba? Ametishia kukuua? Ana panga au kisu anachokuonyesha? Una mimba? Umemwambia unataka kuondoka? Anakuzuilia simu na kutoka? Akishajibu mara moja asiulizwe tena, karatasi ndiyo itembee. Na barua ya wito apeleke askari au apeleke sheha, na ipelekwe baada ya mwanamke kuwa pahala pa salama, sio kabla. Awepo na mtu mmoja, jina lake na namba yake ya simu, wa kumuuliza faili limefika wapi. Siku hizi hata kitambaa kikitoka Dubai tunajua kimefika bandari gani.

Lipo jambo la pahala pa kulala pia. Wa kwetu alikwenda kwa shangazi yake shamba, Alhamdulillah shangazi alikuwepo. Asiye na shangazi je? Hilo nalo ni la meza ile kuliamua usiku ule ule, sio la mwanamke kutangatanga na watoto.

Tumeshayasema haya kwenye vikao vya kinamama na majibu tunayajua.

La kwanza ni siri. Mambo ya ndoa ni siri, mtayatoa kwa watu watano? Dada, siri gani? Jirani anasikia ukuta ukigongwa. Muuza duka kamwona na jicho jeusi. Sisi mafundi tunajua, mpamba maharusi anajua, somo yake anajua. Wasiojua ni wale wenye uwezo wa kumlinda. Siri yetu sisi inamsitiri mpigaji tu. Imamu Nawawi, katika Riyadhu Swalihina, ametaja hali sita ambazo kumsema mtu kunaruhusiwa, na ya kwanza ni aliyedhulumiwa kushtaki kwa mwenye uwezo wa kumpa haki yake. Na watakaokaa kwenye meza ile waapishwe, na atakayetoa neno nje aadhibiwe, tunakubali na tunalitaka.

La pili ni sulhu. Wanatusomea Suratun Nisaa, aya ya 35. Aya tunaijua na tunaiamini. Lakini aya imeamrisha mwamuzi kutoka kwa watu wa mume na mwamuzi kutoka kwa watu wa mke. Sulhu zetu zilivyo, upande wa mume wanakuja baba, ami na rafiki wa msikitini, upande wa mke anakaa mama analia. Hiyo si aya, hicho ni kikao cha kumrudisha. Sheha mwema apatanishe wanaogombana kwa matumizi na wakwe. Akiona damu aandike, apige simu, basi. Kazi yake ya upatanishi imeishia pale.

La tatu ndilo linalotuudhi zaidi: eti wanawake wenyewe wanafuta kesi. Wanafuta, ndio. Wa kwetu kafuta. Alikwenda mahakamani mara nne, mara tatu ikaahirishwa, nauli kutoka shamba kwenda na kurudi anamkopa shangazi, duka la kumwajiri hana, ndugu wa mume wanampigia simu usiku, na hakuna hata siku moja mtu wa serikali aliyempigia kumuuliza umeamkaje. Mara ya tano hakwenda. Kisha wanaandika kuwa mlalamikaji hakutokea, na lawama zikabaki kwake.

Wenye kusema kuwa haya ni mambo ya kizungu tunawaomba wamkumbuke Habiba bint Sahl. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alitoka kwenda kusali alfajiri akamkuta Habiba kasimama mlangoni kwake, kiza hakijaondoka bado. Alikuwa mke wa Thabit bin Qays, na katika mapokezi ya Abu Daud imetajwa kuwa mumewe alimpiga mpaka akamvunja. Hakuambiwa arudi saa za kazi. Hakuambiwa akalete barua. Thabit akaitwa, akamsikilizwa naye, mahari yakarudishwa, wakaachana, na Habiba akakaa kwao. Mlango mmoja, na aliyeufungua ndiye aliyeshughulika mpaka mwisho.

Na Fatima bint Qays, hadithi yake iko kwa Muslim. Eda yake ilipokwisha walimposa Muawiya na Abu Jahm, akaja kumtaka ushauri Mtume (S.A.W.). Akamwambia wazi kuwa mmoja hana mali, na mwengine ni mwenye kupiga wanawake, akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Hakusema ni siri ya mtu. Mwanamke alikuwa anakwenda kuingia nyumbani mwa mtu, na alikuwa na haki ya kujua.

Tumemtaja Fatima kwa sababu. Yule mume, dada zetu, kashaposa pengine. Na kwa kuwa kisiwa ni kidogo na mafundi wa nguo za harusi tunahesabika, kitambaa cha biharusi mpya kimeletwa kwetu. Binti mdogo, ana tabasamu zuri, anataka shingo ya duara na mkono mfupi. Tulipojua bwana harusi ni nani tulimpigia simu yule wa mwanzo, tukamuomba ruhusa, akasema semeni. Safari hii hatukuona muhali. Tukamwita mama wa binti, peke yake, tukamwambia tunayoyajua, na tukamwambia asitusadiki sisi, amtume walii akaulize.

Walii akaenda. Polisi wakamwambia hawawezi kumwambia mtu habari za mtu. Ofisi ya kadhi wakamwambia lile shauri lilikwisha kwa talaka, hayamo mengine. Hospitali hakujua hata aulize nini. Kwa sheha akapokewa vizuri, akaambiwa huyu ni kijana wa msikitini, hana tatizo. Alipouliza ile karatasi ya ahadi, sheha akasema yeye ni mpya, aliyekuwepo kabla yake kamaliza muda wake, na daftari kaondoka nalo.

Mama wa binti anasema watu wameshaalikwa. Binti anakuja Alkhamisi kupimwa. Kitambaa kipo juu ya rafu, kimekunjwa kama kilivyoletwa, na mpaka leo tunapoandika hakuna kati yetu watatu aliyekubali kushika mkasi.